Ushuhuda wa Alama Kumi na Moja

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwamba naogopa. Nimejaza fomu ya kuomba ruhusa ya kulitaja, na fomu hiyo iko mezani kwa Mkurugenzi tangu masika ya mwaka juzi. Mimi ni mtumishi mtiifu, siitangulii fomu. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya Kikristo kuliko nchi nyingine zote, na hayo si majivuno: yameandikwa kwenye lango la uwanja wa ndege kwa herufi za urefu wa mita mbili, na taa zimewekwa.

Naitwa Anselmi Kijoti, karani wa upelelezi daraja la pili katika Idara ya Ushuhuda. Kazi yangu ni kushuku. Wengine huzaliwa na kipaji hicho. Mimi nilikisomea miezi tisa, chuo cha bweni, na katika mtihani wa mwisho nilimshuku msimamizi mwenyewe, nikapewa tuzo.

Yafaa nieleze kwanza Idara yetu inafanya nini, maana wageni hucheka kabla hawajaelewa. Zamani, kabla ya Sheria ya Toba ya Wazi, mtu aliweza kuwa Mkristo hivi hivi tu, moyoni mwake, bila kuhakikiwa na yeyote. Serikali haikuwa na njia ya kujua nani ameokoka na nani anasema tu. Sasa njia ipo. Kila mtumishi wa umma anayefikisha miaka hamsini anasimama mbele ya Bodi ya Ushuhuda, ukumbini, watu wakitazama, anaeleza alivyokuwa mwovu na alivyobadilika, na Bodi inampa alama. Akipata hamsini anapewa Cheti cha Wokovu na kuendelea na kazi. Asipozipata, anakabidhi funguo.

Alama ni mia moja. Uovu wa zamani, arobaini. Machozi, ishirini na tano. Sauti, kumi na tano. Mavazi, kumi na tano. Tano zinazobaki zinaitwa Mengineyo, na humo ndimo lilimowekwa badiliko la moyo, pamoja na usafi wa kucha.

Wapo waliouliza mbona moyo umepewa nafasi finyu hivyo. Waziri aliwajibu bungeni kwamba Serikali haiwezi kutoa alama kwa kitu isichoweza kukikagua, na wabunge wakapiga meza mpaka maji yakamwagika.

Mwenyekiti wa Bodi ni Mtukufu Daktari Polikarpo Gwasa, mtu wa suti nyeupe na viatu vyeupe hata siku za matope. Ushuhuda wake hufundishwa shuleni kama kielelezo: kabla ya kuokoka aliishi miaka saba chini ya bahari akiwa karani wa mapepo. Nchi yetu haina bahari. Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kulitaja jambo hilo darasani, nikaambiwa kwamba hiyo ndiyo sababu alipata zote arobaini. Alitenda uovu hata mahali pasipokuwepo.

*

Melkiori Ndasi alikuwa mfungua maji wa mji mdogo wa Lusanda. Kila siku, saa kumi na moja alfajiri, alikwenda kwenye tangi la mji, akazungusha koki kubwa ya chuma kwa mikono miwili, na Lusanda nzima ikapata maji. Alikuwa mjane, watoto wamekwisha kuoa na kuolewa, na nyumba aliyoishi ilikuwa ya kazi. Alipokea barua ya kuitwa mbele ya Bodi akiwa na miaka hamsini na minne, kwa sababu faili lake lilikuwa limekwama chini ya mguu wa kabati.

Alikuja amevaa shati la kazi, limepigwa pasi.

"Ulikuwa nani kabla ya kuokoka?" aliuliza Mtukufu Gwasa.

"Nilikuwa Melkiori, Mtukufu."

"Na baada ya kuokoka?"

Yule mtu alifikiri. "Bado ni Melkiori. Ila najitahidi."

Ukumbi ulinong'ona. Mtukufu alisogeza kipaza sauti. "Maovu yako yalikuwa yapi?"

"Ya kawaida tu."

"Hakuna maovu ya kawaida katika nchi hii! Aliyekutangulia hapa asubuhi alikuwa mweka hazina wa kuzimu. Kabla yake tulikuwa na mama wa watu aliyekuwa akigeuka fisi kila Jumanne. Wewe uliua?"

"Hapana, Mtukufu."

"Uliroga?"

"Nisingejua hata pa kuanzia."

"Ulevi?"

"Bia moja ya Krismasi. Nayo tunagawana na jirani."

Mjumbe wa Machozi, Bibi Tekla Morani, alivaa miwani yake, akashuka jukwaani, akamkagua kope moja baada ya nyingine. "Makavu," alitangaza.

Ndipo Mtukufu aliposimama. "Ndugu wananchi! Mtu huyu anatuambia hana zamani. Kila mtu ana zamani. Kama yake haionekani, basi ameificha. Na kwa nini mtu mwema afiche?"

Watu walipiga makofi. Hata mimi nilipiga, maana hoja ilikuwa nzito. Bodi ilimpa Melkiori siku thelathini akaitafute zamani yake, na mimi nikakabidhiwa jalada jipya lililoandikwa juu: *Ndasi M. Kukosa maovu. Mashaka makubwa.*

*

Nilikwenda Lusanda nikapanga chumba kilichotazamana na tangi la maji, nikijifanya fundi wa miavuli. Ilikuwa kiangazi, kwa hiyo sikusumbuliwa na wateja.

Siku ya tatu nilimhoji jirani yake, Bibi Skolastika, mama mwenye duka la chumvi na mafuta ya taa.

"Huyu Ndasi husali?"

"Nadhani husali."

"Unadhani? Humsikii?"

"Nitamsikiaje, na anafunga mlango?"

Nilipigia neno *anafunga* mistari miwili. Najua upo mstari katika Injili unaozungumzia kufunga mlango wakati wa kusali, lakini katika toleo letu la Serikali umewekewa maelezo chini ya ukurasa kwamba unahusu nchi za baridi.

"Amewahi kumsaidia mtu?"

"Mwaka jana nililazwa wiki tatu," alisema Bibi Skolastika. "Watoto wangu nilikuwa nimewaacha na mama mkwe, mzee, hawezi kubeba kitu. Kila asubuhi walikuta pipa la uani limejaa maji. Mpaka leo sijaambiwa ni nani."

"Umejuaje basi ni yeye?"

"Baba, hapa mtaani nani mwingine?"

Niliandika: *Mtuhumiwa anatenda mema bila mashahidi. Lazima liko jambo.* Nikamuuliza yule mama kama aliwahi kumshukuru. Akasema alijaribu, lakini Melkiori alianza kuzungumzia bei ya chumvi.

Mkuu wangu wa kitengo, Bwana Serapioni Luhaga, aliposoma taarifa hiyo alinipigia simu. Katika miaka kumi na minane ya kazi, alisema, alikuwa amekamata wanafiki wa kila namna, wote wakiwa wabaya wanaojifanya wema. Huyu alikuwa wa namna mpya: mtu anayeonekana wa kawaida na kujifanya wa kawaida. "Usimwache hata dakika moja, Kijoti," aliniambia. "Watu wa aina hii wakiachiwa, hatutajua tena nani ni nani."

*

Zikiwa zimebaki siku tisa, Melkiori alikwenda kwa Mama Eufrasia.

Mama Eufrasia ana kibanda nje kabisa ya ofisi ya Bodi. Huuza zamani. Amezipanga kwenye mafaili kwa rangi: jekundu ni majambazi, jeusi ni wachawi, kijani ni walevi, na la zambarau, ambalo hulitoa chini ya meza, ni wale waliowahi kuuza nafsi zao. Mteja akinunua hupewa na mazoezi ya kulia, na kitunguu kilichokatwa na kufungwa ndani ya leso. Mtu angeweza kudhani ni haramu, lakini kibanda chake kina leseni, na Bibi Tekla wa Machozi ni wifi yake.

Nilijibanza nyuma ya kibanda nikasikia yote.

"Kwa sura yako, mzee wangu, ujambazi haukukai," alisema Mama Eufrasia. "Mabega membamba. Nikupe mlevi. Ninaye mmoja mzuri sana. Alilewa akalala ndani ya kaburi lililochimbwa kwa ajili ya mtu mwingine. Asubuhi wafiwa wanakuja na jeneza, wanamkuta. Anaamka, anaona jeneza, anaokoka papo hapo. Kisa hiki hakijawahi kupata chini ya sabini."

Melkiori alizichukua zile karatasi akasoma polepole, midomo ikicheza. Alisoma mpaka mwisho, akarudi ukurasa wa kwanza, akasoma tena. Kisha akazirudisha.

"Vipi, hukuzipenda?"

"Namwonea huruma huyu mtu," alisema Melkiori. "Lakini si mimi."

"Hata wengine si wao!" Mama Eufrasia alishusha sauti. "Sikiliza, kaka yangu. Nakuambia kama ndugu. Utapoteza kazi. Utapoteza nyumba. Watakusajili miongoni mwa wanaotiliwa mashaka, na hata wanao watahojiwa. Kwa nini? Kurasa nne tu za kukariri."

Mimi nyuma ya kibanda nilishika kalamu tayari.

"Ninalo moja langu," alisema Melkiori mwishowe. "Dogo. Sijawahi kumwambia mtu."

"Lina damu?"

"Halina."

"Basi liache hukohuko liliko," alisema Mama Eufrasia, na nadhani kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa anasema kutoka moyoni.

*

Siku ya thelathini ukumbi ulifurika. Habari za mtu asiye na maovu zilikuwa zimeenea, na watu wa Lusanda walikuja na vikapu vya chakula. Nilikaa mstari wa mbele, nimefungua daftari.

"Umeipata zamani yako?" aliuliza Mtukufu Gwasa.

"Ndiyo, Mtukufu."

"Tuambie. Pole pole, na kwa sauti."

Melkiori hakuwa na sauti. Tulilazimika kuinama mbele ili tumsikie, jambo ambalo lilimpunguzia alama tangu mwanzo.

"Nina dada yangu," alisema. "Anaitwa Felista. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa na miaka mitatu, yeye kumi na miwili. Alinibeba mgongoni mpaka watu wakadhani ni mwanawe. Yeye hakusoma, ili mimi nisome. Alipokuwa mtu mzima akapata kidonda cha mguu, kile kisichofunga. Kilikuwa na harufu.

"Nilipothibitishwa kazini niliwaalika wakubwa zangu chai nyumbani. Mhandisi wa wilaya alikuwepo, na mke wake. Tumekaa kibarazani. Mara nikamwona dada anakuja, anachechemea, mguu umefungwa matambara, kwapani kabeba kuku. Alikuwa amesikia habari zangu, ametembea kutwa nzima kuja kunipongeza. Mke wa mhandisi akaniuliza, 'Yule ni nani?'

"Nikamwambia, 'Ombaomba. Hupitapita hapa.'

"Nikachukua maandazi mawili mezani, nikayafunga kwenye gazeti, nikamwahi pale getini kabla hajaingia. Nikampa. Akanitazama. Akawatazama wageni kule kibarazani. Halafu akayapokea kwa mikono miwili, akapiga goti namna ombaomba wanavyopiga, akasema, 'Asante, baba. Mungu akuzidishie.' Akageuka akaenda zake na kuku wake.

"Ni miaka ishirini na sita sasa. Sijasimama tena mbele yake. Naye hajamwambia mtu yeyote."

Mtukufu Gwasa alisubiri.

"Halafu?"

"Basi, Mtukufu. Ndiyo hayo."

"Dada alikufa njiani?"

"Hapana. Yuko hai, yuko kijijini Kisuvi."

"Alirukwa na akili?"

"Hapana."

"Na huyo kuku," alisema Mtukufu, na niliona alivyokuwa akijitahidi kumsaidia, "alikuwa kuku wa kawaida? Hakusema neno?"

"Alikuwa mtetea, Mtukufu. Kuku tu."

Sasa lilitokea jambo ambalo sikuwahi kuliona katika ukumbi ule. Hakuna aliyepiga makofi wala aliyezomea. Mzee mmoja aliyekaa jirani yangu, afisa wa misitu mstaafu, mwenye cheti cha alama themanini na nane alichokipata kwa kuwahi kuwa joka, aliinamisha kichwa akaanza kutazama viatu vyake. Mama mmoja nyuma alitoka nje haraka, kanga mdomoni. Wengine walikuwa wanalia, na hakuna aliyekuwa amewapa ishara ya kulia. Bibi Tekla alisimama ili awaandike majina, akaangalia huku, akaangalia kule, kisha akaketi na kupenga kamasi. Mimi mwenyewe jicho langu moja lilikuwa na maji. Ukumbi ule una vumbi sana, nimekwisha kuandika barua kuhusu hilo.

Mtukufu Gwasa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Alisema Bodi inapumzika dakika tano. Ilipumzika dakika arobaini.

Waliporudi, matokeo yalisomwa. Uovu wa zamani, alama tatu. Bodi ilieleza kwamba maandazi yalitolewa kweli, na kutoa ni jambo jema, kwa hiyo sehemu kubwa ya uovu ilifutika. Machozi, sifuri, kwa kuwa waliolia walikuwa wengine na yeye hakulia. Sauti, mbili. Mavazi, nne, kwa heshima ya pasi. Mengineyo, mbili, kwa ajili ya kucha. Jumla, kumi na moja.

Melkiori alitoa funguo za tangi mfukoni akaziweka mezani. Kabla hajashuka jukwaani aliuliza kama anayempokea anajua kwamba koki huzungushwa kwanza robo, unasubiri, ndipo unamalizia, la sivyo bomba la mtaa wa chini hupasuka. Aliyempokea alikuwa na alama tisini na mbili na hakuwahi kuona koki. Bomba la mtaa wa chini lilipasuka Jumatatu.

*

"Atakwenda kwa dada yake," aliniambia Bwana Serapioni Luhaga jioni ile. "Akitubu huko peke yake, bila fomu, bila shahidi, hicho ni kifungu cha tisa: toba isiyosajiliwa. Mfuate. Kila tone la chozi liandike. Akipiga magoti, pima muda."

Nilimfuata mpaka Kisuvi, mwendo wa siku nzima kwa miguu, maana hakutaka kupanda gari. Nilijitahidi kukaa nyuma yake hatua mia mbili. Saa sita alipumzika chini ya kivuli cha daraja, na nilipopita nikijifanya msafiri alinyoosha mkono akanipa nusu ya hindi la kuchoma.

"Pole kwa safari, fundi wa miavuli," alisema.

Nililila lile hindi. Nilikuwa na njaa, na kanuni hazisemi lolote kuhusu mahindi.

Nyumba ya Felista ilikuwa ya udongo, ndogo, imezungushiwa ua wa minyaa. Nilijificha nje ya ua. Alitoka mwenyewe kabla hajabishiwa hodi, mama mzee mrefu, fimbo mkononi, mguu umefungwa kitambaa safi. Alimtazama Melkiori muda mrefu, kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa zamani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Aliangalia nyuma yake, kulia, kushoto. "Mwenye kamera yuko wapi?"

"Hakuna kamera, dada."

"Wako watatu walionijia mwaka huu," alisema Felista. "Mtoto wa baba mdogo, yule wa benki. Mwalimu mkuu. Na yule binti niliyemlea akaolewa mjini. Wote wamenililia hapa, wote wameniosha miguu, wote walikuwa na mpiga picha. Wa mwisho aliondoka na beseni langu. Wewe umeambiwa upeleke picha ngapi?"

"Sipeleki picha. Nimekwisha kufukuzwa."

"Aa. Kwa hiyo unataka kurudishwa."

"Hapana, dada. Nimekuja kwa sababu ya siku ile."

Uso wa mama yule haukubadilika. Aliinua fimbo akaielekeza moja kwa moja kwenye minyaa, mahali penyewe nilipokuwa nimechuchumaa.

"Na yule?"

Melkiori aligeuka. "Yule ananifuata. Ni mtu wa Idara."

"Ndio hao hao," alisema Felista. Aliingia ndani, na nikasikia komeo likishuka.

*

Nilikaa Kisuvi siku nne. Taarifa yangu ya siku hizo ndiyo fupi kuliko zote nilizowahi kuandika.

Melkiori alilala kwenye kibanda cha jikoni. Asubuhi alichukua ndoo akateremka kisimani, akarudi, akaiweka mlangoni, akaenda kukaa mbali. Komeo lilipanda, mkono ukatoka ukaivuta ndoo, komeo likashuka. Mchana alipalilia muhogo. Jioni mkono ulitoka ukaweka sahani ya ugali na mboga nje ya mlango. Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Niliandika *hivyo hivyo*.

Nilimpigia simu Mkuu.

"Analia?"

"Halii, mkuu."

"Amevaa gunia? Amejipaka majivu?"

"Amevaa lile shati. Limechafuka."

"Ameomba msamaha?"

"Mlango umefungwa."

"Mashahidi?"

"Kuku, mkuu."

Alipumua kwa hasira. "Kaa hapo mpaka kitu kionekane."

Siku ya tatu niliingia ndani ya ua, maana kujificha hakukuwa na maana tena, nikamfuata Melkiori kwenye muhogo.

"Mzee Ndasi, nisaidie na mimi nikusaidie. Piga magoti pale mlangoni, dakika tano tu, nami nitaandika vizuri. Naweza hata kukuombea usikilizwe upya."

Aliendelea kupalilia. "Bwana Karani, miaka ishirini na sita iliyopita niliwaangalia wageni kabla sijamwangalia yeye. Sasa unataka nipige magoti ili wewe uone. Unadhani yeye, pale dirishani, ataona nini?"

Niligeuka. Dirisha lilikuwa na ufa mwembamba, na ndani ya ufa palikuwa na jicho. Halikuwa linamtazama kaka yake. Lilikuwa linanitazama mimi.

Nataka niwe mkweli hapa, kwa kiwango ambacho cheo changu kinaruhusu. Nimetazamwa na watu wengi katika kazi hii. Nimetazamwa kwa hofu, kwa chuki na kwa kujipendekeza, na vyote nimejifunza kuviandika. Jicho lile lilikuwa na subira tu. Lilikuwa linasubiri niondoke.

Usiku nilijaribu kulala, nikashindwa, nikijiambia ni mbu. Siku ya nne asubuhi nilimwona Melkiori anarudi na ndoo, maji yanamwagika kwa sababu mgongo ulikuwa umeanza kumuuma, na nikaelewa jambo ambalo chuoni hawakutufundisha kwa miezi yote tisa: kwamba kile nilichotumwa kukiona hakingetokea mbele yangu. Kilichokuwa kinauzuia mlango ule usifunguke hakikuwa komeo.

Nilifunga daftari. Nilimwambia Melkiori kwamba kalamu yangu imeisha wino na kwa mujibu wa kanuni siwezi kuendelea bila wino. Aliitazama kalamu. Ilikuwa mpya.

"Safari njema, bwana," alisema.

Nilishika njia ya kurudi. Nilikuwa sijafika hatua hamsini niliposikia komeo likipanda nyuma yangu, na mlango, mlango mzima, ukilalamika bawabani.

"Ameondoka?" ilisema sauti ya Felista.

"Ameondoka, dada."

Shingo yangu yote, iliyosomeshwa kwa gharama ya Serikali, ilitaka kugeuka. Ilitaka kujua kama alipiga magoti, na nani alianza kulia, na kama alisamehewa au alipigwa kwa ile fimbo, maana alistahili vyote viwili. Nikasikia Felista anasema, "Basi njoo ndani, Melki," kwa sauti ambayo siwezi kuiandika kwa sababu sikuwa na safu yake kwenye fomu. Niliongeza mwendo. Nilitembea mpaka nikawa nasikia viatu vyangu tu.

Melkiori hakurudi Lusanda. Bibi Skolastika aliniambia baadaye kwamba alituma mtu akachukue godoro lake na vyombo, basi. Lusanda hupata maji saa nne, siku yakipatikana.

Bwana Serapioni Luhaga aliipitia taarifa yangu mara tatu. Alifika kwenye sehemu ya mwisho, *Matokeo ya Toba*, ambako nilikuwa nimeandika neno moja: *Hayakuonekana.*

Alinikazia macho kwa muda mrefu, kama tunavyofundishwa.

"Kijoti. Hayakuonekana, au hayakuwepo?"

"Fomu ina nafasi ya neno moja tu, mkuu," nilimjibu.

Akaichukua kalamu yake, akaandika kitu kwenye jalada jipya, akaligeuza nisione jina lililokuwa juu.